Maneno ya Kiingereza yenye "ough": ni ndugu, au yanafanana sura tu?

MamaSubira

Habari zenu wanajukwaa. Nina daftari hapa mbele yangu, kurasa nne zimejaa maneno ya Kiingereza yenye herufi nne zilezile kwa mpangilio uleule: o, u, g, h. Nilianza kuyaandika siku binti yangu wa miaka tisa aliponisomea kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu chake cha hadithi. Alikutana na "though", akaisoma vizuri. Mstari wa chini yake ulikuwa na "cough", akaisoma "kou". Nikamwambia hapana, hiyo ni "kof". Akaendelea, akakuta "through", akaisoma "throf", maana nilikuwa nimetoka tu kumfundisha kwamba herufi hizo ni "of". Nikamsahihisha tena. Akafunga kitabu, akaniuliza: "Mama, wewe unajuaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Mimi najua kwa sababu nimeyasikia maneno hayo miaka mingi. Yeye anayaona kwa mara ya kwanza kwenye karatasi, na amezoea Kiswahili, ambacho ukishajua silabi zake unasoma neno lolote hata kama hujui maana yake.

Basi nimekaa na kamusi jioni tatu nikayapanga kwa sauti. Nitaandika matamshi kwa herufi zetu, mnisamehe pale ambapo hayatoshi.

Yapo yanayosomwa "au": "bough", tawi kubwa la mti, "plough", ambalo kwetu ni plau, na "drought", ukame. Yapo ya "ou": "though" na "although", ingawa, na "dough", unga uliokwisha kukandwa. "Through", kupitia au kupenya, limekaa peke yake kwenye "uu". Ya "af" ni "tough", kitu kigumu kisichokatika upesi. "Rough", chenye kuparuza. Na "enough", ya kutosha. Ya "of" nimepata mawili, "cough", kikohozi, na "trough", hori la kulishia wanyama. Kundi kubwa kuliko yote linaishia na sauti kama "oot": "thought", "bought", "brought", "fought", "sought", "nought", "ought". Halafu "thorough", ya kina au kamili, na "borough", mji au sehemu ya mji yenye halmashauri yake. Haya yanaishia na "a" hafifu isiyosikika vizuri. La mwisho limenishinda kabisa: "hiccough", kwikwi, linasomwa "hikap". Hiyo p imetoka wapi?

Sauti nane kwa herufi nne. Nina maswali mawili. La kwanza, kuna kanuni yoyote ninayoweza kumpa mtoto, au ni kukariri neno baada ya neno? La pili ndilo linanikosesha raha zaidi, nalo ni la maana. Kwetu, maneno yakishirikiana herufi za katikati mara nyingi ni wa ukoo mmoja: soma, somo, msomi, kisomo, masomo. Nilitaka kumchorea binti yangu mti kama huo. Nilipoona "tough" na "rough", kigumu na cha kuparuza, nikadhani nimepata shina. Kisha "enough" likaja likanivuruga. "Through" na "thorough" nayo yanaonekana kama mtu na dada yake. Je, kuna undugu humu?

SikioKwanza

Dada, pole na hongera kwa daftari. Mimi nilijifunza Kiingereza ukubwani, na nilichokiona ni kwamba neno moja moja halikai kichwani. Nilichofanya ni kuyaweka maneno ya sauti moja kwenye sentensi moja na kuyasema kwa sauti: "rough" na "tough" na "enough" pamoja, siku nyingine "bought" na "brought" na "thought" pamoja. Sikuchanganya makundi mpaka kundi moja limekaa. Kwa kanuni siwezi kukusaidia, ila usimpe makundi yote nane kwa wiki moja.

MsomaPrufu

Mama Subira, nimesoma prufu za vitabu kwa miaka 31, vya Kiswahili na vya Kiingereza, na maneno hayo yamenila macho kuliko mengine yote. Mwandishi anataka "through" anaandika "though". Anataka "though" anaandika "thought". Programu ya kukagua tahajia haioni kosa, kwa sababu kila moja ni neno halali. Ni jicho tu linaloweza kuyakamata. Kwa hiyo swali la binti yako nimeishi nalo muda mrefu, na ninafurahi kwamba lina jibu.

Maneno hayo hayashiriki maana. Yanashiriki sauti iliyokufa.

Tamka "sabalkheri" polepole, usimame kwenye kh. Waingereza walikuwa na sauti hiyo. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, waliiandika kwa h tu: usiku uliandikwa "niht", na "through" lilikuwa "thurh", na h hiyo ya mwisho ilikwaruza kooni. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoitwaa Uingereza mwaka huo, kazi ya kuandika ikaingia mikononi mwa makarani waliozoea taratibu za uandishi wa Kifaransa. Baada ya muda wakawa wanaionyesha sauti ile kwa herufi mbili, g na h. Basi gh ilikuwa alama moja ya sauti moja, kama sh yetu au ch yetu. Mwambie mtoto asiitazame kama g ikifuatwa na h. Kila neno kwenye daftari lako, ukiacha moja, liliwahi kukwaruza kooni mahali hapo.

Kisha sauti hiyo ikaanza kupotea, hasa kuanzia karne ya 15. Ikapotea kwa njia mbili. Katika maneno mengi ilinyamaza kabisa, ikaiacha irabu peke yake: "though", "bough", "through". Katika machache iligeuka f: "cough", "rough", "tough", "enough", "trough", na pia "laugh", kucheka. Unaweza kushangaa koo na f vinakutania wapi. Tamka kh ukiwa umeviringa midomo kama unayetaka kusema u. Utasikia pumzi inapita midomoni nusu ikiwa f tayari. Kizazi kimoja kilitamka hivyo, kizazi kilichofuata kikasikia f.

Hapo ndipo unapopata kanuni yako ya kwanza, na hii haina hata neno moja linaloivunja. Kugeuka f kulihitaji midomo ya kuviringwa, yaani irabu za upande wa u na o. Baada ya i au ei midomo imetanuka, na sauti yenyewe ilikuwa imesogea mbele mdomoni, mbali na koo. Kwa hiyo mtoto akiona gh imetanguliwa na i, ni kimya, daima: "night", "light", "right", "high", "eight", "weigh", "neighbour". Asibahatishe.

Lakini kwa nini "ough" ina irabu nyingi hivyo? Wakati kh inapotea, irabu ndefu za Kiingereza nazo zilikuwa zinahama. Ni badiliko lililochukua kama miaka 300, tangu miaka ya 1400 hadi 1700 hivi. Neno ambalo irabu yake ilibaki ndefu lilihama nazo, lililofupishwa likabaki nyuma. Isitoshe, watu wa sehemu mbalimbali walikuwa na namna zao, na London ikachukua neno hili kutoka huku na lile kutoka kule. Neno "dough" katika baadhi ya lahaja za kaskazini lilitamkwa kwa f, na namna hiyo imebaki katika neno "duff", aina ya chakula cha unga wa kuchemsha. Ni neno lilelile, mara moja limenyamaza, mara moja limegeuka f.

Katikati ya vurugu hiyo ndipo William Caxton, mpiga chapa wa kwanza wa Uingereza, alipofungua matbaa yake Westminster, London, mwaka 1476. Matbaa ikayakuta maneno njiani, ikayapiga chapa jinsi yalivyokuwa yakiandikwa na makarani. Sauti zikaendelea na safari, tahajia ikabaki pale.

Na hapa nakuomba umwonyeshe binti yako jambo ambalo mtoto Mwingereza hana. Sisi tumepita njia ileile, ila tulifanya kinyume chake. Maandishi ya zamani ya Kiswahili yana khabari, khatari, khofu. Wengi wetu tukaacha kukwaruza, na herufi ikaondoka pamoja na sauti: habari, hatari, hofu. Waingereza waliiacha sauti wakabaki na herufi. Tena maneno tuliyoyaazima kwao tumeyaandika kwa sikio, kwa hiyo yanamwambia mtoto moja kwa moja jinsi ya kusoma. "Plough" ni plau. "Rough" ni ile rafu ya kwenye mpira. Mchezo wa drafti unatokana na "draughts", na f imesimama wazi hapo mahali pa gh. Suruali ya taiti inatokana na "tight", na baada ya i, kama nilivyosema, kimya.

Kuhusu undugu: "tough" na "rough" si ndugu, ni majirani waliovaa nguo moja. Lakini kwa "through" na "thorough" umeona sawasawa, nami nakupongeza. Hayo ni neno moja. "Thurh" ilikuwa na namna nyingine ndefu, "thuruh", yenye maana ileile ya kupenya upande hadi upande. Baadaye wakagawana kazi: fupi likabaki na kupita, refu likachukua kupita mpaka mwisho bila kuruka kitu, yaani kwa kina. Maana ya zamani bado imo ndani ya "thoroughfare", njia inayotokea upande wa pili.

Ndugu wengine wa kweli wako nje ya "ough" kabisa. "Drought" ni mtoto wa "dry", kavu. Ukame ni ukavu. "Bough" katika Kiingereza cha kale lilikuwa bega au mkono, na tawi likaitwa hivyo kwa kuwa ni mkono wa mti. Lina undugu na "bow", omo ya chombo, ambayo ni bega la jahazi. Na ninalolipenda kuliko yote ni "dough". Neno "lady", bibi mwenye heshima, lilikuwa zamani "hlæfdige": sehemu ya kwanza ni mkate, ya pili ni mkandaji, na huyo mkandaji ni wa ukoo wa "dough". Bibi wa nyumba alikuwa mkanda mkate. Ukitazama herufi za leo huwezi kudhani kwamba maneno hayo mawili yamewahi hata kusalimiana.

"Hiccough" ndilo lile moja nililoliacha. Hilo halikuwahi kukwaruza. Neno lilikuwa "hiccup", mwigo wa sauti ya kwikwi yenyewe, na ndivyo wengi wanavyoliandika hadi leo. Watu wakadhani kwikwi ni aina ya kikohozi, wakalivika "cough" mwishoni. Tahajia ikabadilika, matamshi yakakataa kubadilika. P yako haikutoka popote, ilikuwepo tangu mwanzo. "Ough" ndiyo iliyokuja baadaye.

MamaSubira

Shikamoo mzee. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, binti akiwa pembeni. Kanuni ya i ameishika papo hapo; ametafuta mwenyewe maneno sita kitabuni na yote yametii. Plau na rafu zimemfurahisha mno, maana alikuwa anayajua tangu zamani bila kujua kwamba anayajua.

Tumejaribu kutamka "night" ya kale kwa gh, kama ya "lugha" na "ghali". Ndivyo?

Na kundi la "oot" bado linanisumbua. Mengi ni ya wakati uliopita: "think" inakuwa "thought", "bring" inakuwa "brought". Hiyo n imekwenda wapi? Na "ought", unapaswa, linafanya nini humo ndani? Halina wakati uliopita wowote.

MsomaPrufu

Marahaba mama. Karibu kabisa, ila si gh ya lugha. Weka kiganja kooni useme "lugha", utasikia koo linatetemeka. Sasa sema "kheri", linatulia. Ya Kiingereza ilikuwa ile tulivu. Mkitaka kuisikia ingali hai, katika Kiskoti usiku bado ni "nicht", na ziwa ni "loch". Waayalandi nao huandika "lough" kwa ziwa, kama Lough Neagh kule Ireland ya Kaskazini, na hapo "ough" inasomwa kwa kh kamili. Ongeza hiyo kwenye daftari, ni sauti ya tisa.

Kundi la "oot" nawaachia wenye Kijerumani.

AchtundAchtzig

Basi nijitokeze mimi. Niliishi na Kijerumani darasani miaka mitano, na siku niliyogundua hiki ninachotaka kukueleza, Dada Mama Subira, nililala saa nane za usiku.

Pale Kiingereza kilipoiua kh, Kijerumani kimeihifadhi na kuiandika ch. Panga pembeni kwa pembeni: "night" ni "Nacht". "Eight" ni "acht". "Light" ni "Licht". "Daughter" ni "Tochter". "Laugh" ni "lachen". "Neighbour" ni "Nachbar". "Through" ni "durch". Kila gh iliyo bubu upande mmoja, upande wa pili inasikika. Kwangu ilikuwa kama kumkuta mtu niliyeambiwa amefariki.

Sasa vitenzi. "Thought" kwa Kijerumani ni "dachte", "brought" ni "brachte", "fought" ni "focht". Unaona n haipo kwao pia, ingawa kitenzi chenyewe ni "denken" na "bringen". Kwa hiyo n ilipotea kabla Kiingereza na Kijerumani havijatengana. Ilikuwa hivi: wakati uliopita uliundwa kwa kubandika t mwishoni mwa shina. K au g ya shina ikigusana na t ililegea ikawa kh. Na n ikikaa mbele ya kh haikuweza kudumu, ikamezwa na irabu iliyo kabla yake, irabu ikarefuka. "Think" likapita hapo likatoka "thohte", yenye o ndefu. "Seek", kutafuta, likatoka "sohte", ambayo leo ni "sought".

Usione ni ajabu. Sisi tuna pika, lakini hatusemi mpiki, tunasema mpishi. Andika, mwandishi. Linda, mlinzi. Konsonanti ya shina inapokutana na kiambishi fulani hubadilika, na hakuna mtoto anayelalamika. Waingereza walifanya vilevile mbele ya t, ila baadaye wakaiua sauti iliyopatikana na kuacha alama yake.

Kwa hiyo, kwa kundi hili, kanuni yako ya pili ni hii: neno likiishia na "ought", soma "oot". Linalovunja ni moja tu, "drought", linalosomwa "draut". Na hilo si kitenzi. T yake ni ile inayounda nomino, kama katika "height", kimo, kutoka "high".

Mweke na "wrought" kwenye daftari, umelisahau. Leo utalikuta zaidi kwenye "wrought iron", chuma kilichofuliwa. Ni wakati uliopita wa zamani wa "work", kufanya kazi. Ndugu yake ni "wright", fundi, na ndiyo sababu mtunzi wa tamthilia ni "playwright", yenye gh, wala si ya "write" ya kuandika. Ni fundi wa mchezo.

Na "ought". Hapa uketi. Lilikuwa na wakati uliopita, tena ndiyo asili yake yote. Ni wakati uliopita wa "owe", kuwiwa. Anayewiwa ana deni, na mwenye deni anapaswa. Neno likaachana na fedha likabaki na wajibu, kisha "owe" ikajitengenezea "owed" mpya kwa kazi ya fedha. Sisi tuko karibu sana na hapo tunapomwambia mtu nina deni kwako, bila kumaanisha hata senti. Kwa hiyo "you ought to go", ukilichimba hadi chini, ni: unadaiwa kwenda.

SikioKwanza

Nimesoma Kiingereza miaka yote hii sikujua kama "ought" ni deni. Nashukuru. Nilimwambia dada akariri. Naona kuna zaidi ya kukariri.

Swali dogo kwa MsomaPrufu: majina ya mahali nayo yanafuata haya? Kuna mji wa Uingereza unaitwa Loughborough, nimeusikia ukitamkwa na sikuamini.

MsomaPrufu

Uliusikia sawa. Ni "Lafbara". "Ough" ya kwanza imegeuka f, ya pili imenyamaza na kuacha a hafifu, ndani ya jina moja. Ile ya mwisho ni "borough", zamani "burh", ngome. Kuna pia mji wa Slough, unaosomwa "Slau", kutokana na neno la kinamasi. Angalieni lakini: lipo "slough" jingine, kujivua ngozi kama nyoka, na hilo ni "slaf". Tahajia moja, maneno mawili yasiyojuana, matamshi mawili. Hapo hata kanuni haisaidii, ni sentensi inayokuambia ni lipi.

MamaSubira

Nimerudi baada ya siku nne kuwapa habari.

Tumeliandika daftari upya. Ukurasa wa kwanza una i na gh, na juu yake binti ameandika KIMYA kwa herufi kubwa. Wa pili ni wa "ought", na "drought" limezungushiwa mstari mwekundu. Wa tatu una f, na ameamua mwenyewe kuuandika jina "yaliyoviringa midomo". Yaliyobaki yote yako ukurasa wa nne. "Through" na "thorough" tumeyaunganisha kwa mshale, na "dough" lina mshale mrefu unaotoka nje ya jedwali kwenda kwa "lady". Mti niliokuwa nautafuta haukupatikana, lakini mishale hiyo naiona inatosha.

Jana nikamjaribu kwa neno ambalo hajawahi kuliona, "chough", ndege wa jamii ya kunguru mwenye mdomo mwekundu na miguu myekundu. Alilitazama kitambo. Akasema: "Hakuna i mbele, kwa hiyo siwezi kusema ni kimya. Hakuna t mwisho. Inaweza kuwa chau, au chou, au chaf. Lazima mtu aniambie." Nilimwambia ni "chaf", akaliandika ukurasa wa tatu. Siku ile alipofunga kitabu alidhani amekosea yeye. Jana alijua ni wapi anaweza kujua na ni wapi lazima aulize, na uso wake ulikuwa mwingine. Ninawashukuru kutoka moyoni.

Ameniachia swali la kuwaletea. Anauliza kuhusu "ghost", mzimu. Gh iko mwanzoni. Je, nayo ilikwaruza?

MsomaPrufu

Mwambie hapana, na ameuliza vizuri sana. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa "gast", kwa g ya kawaida kama ya "gari". H iliingizwa na wapiga chapa. Caxton alikaa miaka mingi Bruges, mji ulio Ubelgiji ya leo, kabla ya kurudi kwao na matbaa, na Kiflemi, lugha ya huko, kiliandika neno hilo "gheest". Tahajia hiyo ikamfuata hadi Westminster. H ya "ghost" haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote, tangu siku ilipopangwa kwenye chapa hadi leo.

MamaSubira

Nimemwambia. Amechukua kalamu, akafungua ukurasa wa tano, akaandika "hiccough" na "ghost" pamoja, akapiga mstari chini yake. Sasa anatafuta la tatu.